Anataka milioni mbili ili asinipeleke TRA: je, hilo ni kosa la jinai?

*“Wakili, shikamoo. Nina duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma: sukari, unga, sabuni na mafuta ya mawese. Mwezi wa tatu niliachana na kijana aliyenifanyia kazi miaka minne, tulishindwana. Kweli alibaki ananidai mishahara ya miezi mitatu, 150,000 kwa mwezi. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe WhatsApp kwamba ana picha za daftari langu la mauzo yasiyokatiwa risiti, na nisipompa milioni mbili anazipeleka TRA, kwa watu wa kodi. Niliogopa, nikamtumia 300,000 kwa simu. Hazikupita siku kumi akarudi, anasema ile ilikuwa ya soda, sasa anataka milioni mbili kamili. Ukweli ni kwamba kuna mauzo sikukata risiti. Mke wangu anasema huu ni unyang’anyi, twende polisi. Mwenyekiti wa mtaa anasema tukae chini nimpe milioni moja yaishe. Rafiki yangu anasema nikienda polisi nitakamatwa mimi, maana kijana anasema kweli. Nani yuko sahihi?”*

Marahaba, ndugu yangu. Kinachokunyima usingizi, kama nimekusoma vizuri, si zile milioni mbili. Unaogopa kwamba kwa kuwa na wewe una doa, sheria haiwezi kusimama upande wako. Inaweza. Anachokufanyia huyo kijana ni kosa la jinai, na linabaki kosa hata kama kila picha aliyonayo ni ya kweli. Rafiki yako naye amegusa jambo ambalo sitakuficha, nitalifikia.

Nianze na mke wako, kwa sababu yeye ameiona njia ila amekosea jina. Unyang’anyi katika sheria yetu ni wizi unaoandamana na nguvu, au tishio la nguvu, pale pale mali inapochukuliwa. Mtu anakukaba njiani ukitoka Kibirizi na hela ya dagaa, anakutishia kisu, anachukua. Wewe hukukabwa. Ulikaa nyumbani kwako, ukashika simu yako mwenyewe, ukaweka namba ya siri, ukatuma. Hapo ndipo wengi hujilaumu na kusema “nilitoa mwenyewe”. Lakini mkono uliotuma ulikuwa unasukumwa na hofu ya jambo la kesho, na sheria inaijua hofu hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kundi la makosa lililowekwa jirani kabisa na unyang’anyi kwa ajili ya hali kama yako: kudai mali kwa vitisho vya maandishi, kujaribu kujipatia mali kwa kutishia kumshtaki mtu, kumlazimisha mtu kwa vitisho asaini hati, na kudai mali kwa vitisho au nguvu kwa nia ya kuiba. Nayataja kwa majina badala ya namba za vifungu kwa sababu sheria zinapofanyiwa urekebu namba huhama, na hutaki kufika kituoni na namba ya zamani.

Adhabu zake si za mchezo. Kudai mali kwa vitisho vya maandishi kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka 14. Kudai kwa vitisho kwa nia ya kuiba, miaka mitano. Lile la kutishia kumshtaki mtu hupimwa kwa uzito wa kosa analotishia kulisema: likiwa la adhabu ya kifo au ya maisha, miaka 14, likiwa dogo zaidi, kifungo nacho hushuka sana. Mwendesha mashtaka ndiye atakayechagua shtaka linalokaa vizuri kwenye ushahidi wako.

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo hata wasomi hukwama. Kijana ana haki ya kwenda TRA? Anayo, na hakuna anayeweza kumzuia. Sheria ya kodi hata inaruhusu TRA kumlipa zawadi mtu aliyetoa taarifa iliyowezesha kodi kukusanywa. Je, mtu ana haki ya kumwomba mwenzake hela? Anayo pia, tunaombana kila siku. Basi kosa linatoka wapi?

Linatoka kwenye fundo linalofunga mambo hayo mawili. Akisema “nipe, la sivyo nasema”, ameacha kuwa raia mwema anayetoa taarifa na ameacha kuwa mtu mwenye shida anayeomba. Ameigeuza taarifa kuwa bidhaa na hofu yako kuwa bei. Tena anauza kisicho chake: kama kuna kodi haikulipwa, kodi hiyo ni ya nchi, si yake, na ukimpa yeye milioni mbili Hazina haipati hata senti. Angekuwa na uchungu na kodi ya taifa, njia ya kwenda ofisi za TRA anaijua na hiyo zawadi ingemsubiri huko. Yeye amechagua njia inayoingia mfukoni mwako.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama jambo limefika kwenye kosa hili, jiulize kuna dai, kuna tishio lililofungwa kwenye dai hilo, na kama anayedai ana sababu ya msingi ya kukudai kwa namna hiyo. Chukua mfano wa ziwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, tuseme mtu amemwona mvuvi akiingia majini usiku. Akienda kutoa taarifa, ametimiza wajibu wake. Akimfuata asubuhi na kumwambia “nina watoto, mzee, nitolee laki mbili nisikuone”, ametenda kosa, hata kama amesema kwa upole na kwa shikamoo. Tishio halihitaji sauti kali wala matusi. Na akisema “usiponipa nyavu zako zitaungua”, hilo nalo ni tishio, safari hii dhidi ya mali. Sheria haiangalii ukali wa maneno, inaangalia yamewekwa kufanya kazi gani kwa anayeyasikia.

Kuna dhana mbili nataka nizing’oe kabisa. Ya kwanza ni hiyo ya rafiki yako, kwamba “anasema kweli kwa hiyo si kosa”. Kanuni ya Adhabu yenyewe, pale inapozungumzia kutishia kumshtaki mtu ili kupata mali, inasema haijalishi kama aliyetishiwa alitenda hilo kosa au hakulitenda. Waliotunga walijua wazi kwamba vitisho hivi hushika zaidi pale penye ukweli. Mtu msafi hucheka akalala. Wewe hukulala kwa sababu ipo kweli ndani yake, na sheria imekataa kumpa mtishaji leseni kwa sababu hiyo. Ya pili ni kwamba kosa halijakamilika mpaka hela itoke. Si hivyo. Ujumbe ule wa kwanza, ulipofika kwako ukiwa na dai na tishio ndani yake, kwa nia ya kukukamua, kosa lilikuwa limeshatendeka. Zile 300,000 zimeongeza uzito wa ushahidi, lakini hata usingetuma kitu ungekuwa na malalamiko kamili.

Na je, ni rushwa? Watu wengi hapa huita kila hela ya kunyamazisha “rushwa”. Rushwa inahusu mtu mwenye dhamana, mwenye ofisi au kazi aliyokabidhiwa, anayeiuza dhamana hiyo. Kijana wako wa zamani hana ofisi ya kuuza. Lakini likitokea kesho akaja na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa serikali, akakwambia “tumalize hapa hapa”, jambo limebadilika sura. Hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba yao 113 haina malipo. Hapo angalia sana, kwa sababu anayetoa rushwa naye huingia hatiani. Mlipaji aliyekamuliwa kwa vitisho na mtu binafsi ni mhanga. Aliyempa ofisa hela ili afumbe macho ana maelezo mengine ya kutoa.

Sasa mshahara. Hapa lazima niwe mkweli kwako, kwa sababu hapa ndipo wakili wa kijana atakaposhika. Unadaiwa 450,000. Sheria yetu ya jinai inamlinda mtu anayedai mali akiamini kwa dhati, bila nia ya kudanganya, kwamba ni haki yake. Kama angekuandikia “bosi, nilipe 450,000 zangu, usiponilipa nakupeleka mbele”, nisingekushauri hata kidogo uende polisi. Ningekushauri umlipe siku hiyo hiyo. Barua ya madai ya wakili inayosema “ukishindwa kulipa ndani ya siku 14 tutafungua shauri” si tishio la kijinai, ni dai lenye msingi na njia yake. Kijana hakufanya hivyo. Alidai milioni mbili, zaidi ya mara nne ya deni, na hakusema neno mshahara. Alisema picha na TRA. Lakini ukimwacha bila kumlipa chake, siku ya ushahidi atageuka na kusema milioni mbili zilikuwa mshahara na stahiki zake zote, na zile 300,000 alizipokea kama malipo ya kazi.

Kwa hiyo tenganisha mambo haya mawili, na ufanye hivyo mapema. Mshahara ni deni halali, na vitisho vyake havifuti deni. Tena hesabu inaweza kuzidi 450,000: kwa mtu aliyefanya kazi miaka minne, kama wewe ndiye uliyemwachisha na si kwa utovu wa nidhamu, sheria ya ajira inaweka kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mbali na likizo na taarifa ya kuachishwa kazi. Mlipe kwa njia yenye kumbukumbu, kwa maandishi yanayotaja ni mishahara ya miezi gani na stahiki zipi, kuwe na shahidi, na kusiwe na neno hata moja kuhusu picha wala kunyamaza. Nisingekata zile 300,000 kwenye mshahara. Ukizikata umekubali mwenyewe kwamba zilikuwa mshahara, na umeua sehemu nzuri ya ushahidi wako. Ziache zibaki zilivyokuwa. Mahakama ikimtia hatiani ina uwezo wa kuamuru urejeshewe. Mkishindwana juu ya hesabu, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi wanayoiita CMA, na yeye ana muda maalumu wa kupeleka malalamiko: siku 30 kwa suala la kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine.

Mwenyekiti wako wa mtaa nimemwelewa, na simlaumu. Kazi yake ni amani, na milioni moja inaonekana kama katikati. Lakini katikati ya nini? Kusuluhisha mshahara ni jambo jema na wazee wanaweza kukaa nalo. Kusuluhisha bei ya kunyamaza ni jambo lingine. Mkataba wa “nakupa milioni moja usiseme” hauna nguvu mahakamani, kwa sababu Sheria ya Mikataba haitambui makubaliano yenye lengo lisilo halali, kwa hiyo akirudi mwezi ujao hutakuwa na karatasi ya kumshikia. Na atarudi. Picha hazinunuliki zikaisha. Anayekuuzia nakala moja anabaki na kumi. Akipewa shubiri huchukua pima: ulimpa 300,000, akaziita za soda. Umeshaona mwenyewe.

Nifike sasa kwa rafiki yako, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Ukienda polisi utaeleza tishio lilihusu nini, na huwezi kueleza hilo bila kutaja daftari. Kumshtaki kijana hakukusafishi wewe kwa TRA. Hayo ni mafaili mawili tofauti na moja halifuti lingine. Mauzo bila risiti yanaweza kukuletea kodi iliyobaki, riba na faini, na kukataa kutumia mashine ya kutolea risiti (EFD) kwa anayetakiwa kuitumia ni kosa. Kwa hiyo swali halisi ni utaanza na lipi.

Mimi ningeanza na daftari. Tafuta mshauri wa kodi au mhasibu anayeaminika, mpitie mauzo hayo, mjue ni kiasi gani hasa. Huenda ni kikubwa, huenda ni kidogo kuliko hofu yako inavyokwambia. Kisha nenda TRA kwa miguu yako mwenyewe, urekebishe ritani, yaani taarifa zako za kodi, uombe kulipa kwa awamu kama hela haipo. Itauma, sitakudanganya. Lakini pima: TRA watakupa hesabu yenye mwisho na risiti juu yake, kijana anakupa hesabu isiyo na mwisho wala risiti. Na siku utakayotoka ofisi ile, ile silaha yake imekuwa karatasi tupu, kwa sababu anachotishia kukisema kimeshasemwa na mwenye nacho. Nimewaona watu wakibeba vitisho vya aina hii kwa mwaka mzima, wakauza kiwanja, kwa deni ambalo wangelimaliza kwa miezi michache.

Njia ya pili ni kwenda polisi kwanza, na kuna hali ambapo ni lazima: akitishia kukudhuru, akija nyumbani, akianza kumfuata mke au watoto wako. Hapo usisubiri mhasibu. Piga 112 au nenda kituoni moja kwa moja. Njia ya tatu, kunyamaza na kutolipa, hufanya kazi kwa baadhi ya watu kwa sababu watishaji wengine hukata tamaa. Siipendi kwa hali yako, maana huyu ameshaonja.

Njia yoyote utakayochagua, kuna jambo moja usilifanye: usichome wala kurarua lile daftari. Najua wazo hilo limeshapita kichwani. Kuharibu kumbukumbu za biashara ukijua zinaweza kuhitajika ni kujiongezea kosa jipya juu ya la zamani, na picha zake bado zipo. Usifute pia mazungumzo yenu kwenye simu, hata yale unayoyaonea aibu, hata ule ujumbe wako wa kumsihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa simu kama ushahidi, lakini mahakama hutazama ulitunzwaje na kama haukuchezewa. Picha ya kioo cha simu inasaidia. Simu yenyewe yenye mazungumzo kamili inasaidia zaidi. Usibadilishe simu, usiiuze. Chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu inayoonyesha zile 300,000, tarehe na jina lililotokea. Andika kwenye karatasi mfululizo wa siku: lini aliondoka, lini aliandika, lini ulituma, lini alirudi. Kumbukumbu huchakaa haraka mtu akiwa na hofu.

Akikupigia au kukuandikia tena, usimtukane na usimtishe. Nimeona mlalamikaji mwenye kesi nzuri akiipoteza kwa ujumbe mmoja wa usiku, “nitakumaliza”, kisha wote wawili wakawa washtakiwa. Usijipangie mtego wako mwenyewe na shemeji zako kule sokoni. Mtego wa kukabidhiana hela hupangwa na wapelelezi, noti zikiwa zimeandikishwa namba zake, na mashahidi wanaojua kazi yao. Wewe ukijifanyia, unaweza kuishia kwenye kesi ya kumpiga mtu.

Kituoni, sema unataka kufungua malalamiko ya kutishiwa ili utoe mali, na uhakikishe umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekwambia usitoe maelezo ya maandishi kabla ya kukaa na wakili, hata saa moja tu, kwa sababu ya hilo la kodi. Ni haki yako. Ikiwa gharama ni kikwazo, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa wakuelekeze.

Neno moja kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na tishio tofauti na lako, hasa mabinti wanaoambiwa “tuma hela au picha zako za faragha zinasambaa”. Kanuni ni ile ile, na juu yake kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha au kumtisha kuna adhabu ya faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, na kusambaza picha za ngono kuna adhabu nzito zaidi ya hapo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na unaweza kuomba uhudumiwe na askari wa kike. Kama aliyetishiwa ni mtoto, namba 116 ni ya bure.

Kwako wewe, kaka yangu: wiki hii usitume hata shilingi moja nyingine. Siku ukienda kwa wakili, beba simu ile ile yenye mazungumzo, chaja yake, taarifa ya miamala, kumbukumbu za mishahara ya kijana kama zipo, na hilo daftari. Na mwende na mke wako. Yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba jambo hili si la kumezwa kimya.